Asili, Guni na Tasa: Historia ya Istilahi za Namba katika Kiswahili

Ikisiri

Istilahi za hisabati za shule ya msingi kwa kawaida huelezwa kuwa tunda la vyombo vya kusanifu lugha vilivyofanya kazi Tanzania baada ya mwaka 1967. Makala haya yanadai kuwa nyingi kati ya istilahi hizo zilikuwa kazini kabla ya hapo: katika ugawaji wa mirathi, katika ibada, katika ushairi na katika unyambulishaji wa Kibantu. Ziliingia darasani zikiwa na kumbukumbu za kazi zake za awali, na baadhi ya kumbukumbu hizo zinakinzana.

1.0 Utangulizi

Mwalimu anayeandika ubaoni kwamba 7 ni namba tasa, kwamba 12 ni kigawe cha 3 na kwamba 7/6 ni sehemu guni anakuwa ametumia neno la uzazi, neno lililoundwa kwa kiambishi tamati cha Kibantu, neno la mirathi na neno la washairi, yote katika mistari mitatu. Wanafunzi hawayasikii hivyo, na si lazima wayasikie. Mwanahistoria wa lugha, hata hivyo, hana udhuru.

Historia ya usanifishaji inafahamika vyema. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria, mwaka uleule ambao Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma Tanzania Bara. Kwa kuwa hatua hizo zina tarehe na nyaraka, ni rahisi kuzipa sifa ya kuunda kila kitu kilichofuata. Matokeo yake ni kwamba istilahi hupimwa kama tafsiri: je, neno hili linalingana na lile la Kiingereza? Swali la neno hilo lilikuwa likifanya kazi gani kabla ya kupewa kazi mpya haliulizwi mara nyingi.

2.0 Sita, saba, tisa

Mjadala wa asili ya Kiswahili umezitumia namba kama ushahidi kwa muda mrefu, na mara nyingi kwa pupa. Kati ya namba kumi za kwanza, tatu tu ni za Kiarabu: sita, saba na tisa. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Mgawanyo huu unaoonekana kama ajali una mantiki yake. Katika lugha za Kibantu kwa jumla, majina ya moja hadi tano na ya kumi yanafanana kwa upana mkubwa, ilhali ya sita hadi tisa yanatofautiana sana kutoka eneo moja hadi jingine. Mkopo uliingia mahali palipokuwa na ulegevu.

Maneno yaliyoondolewa hayakupotea kabisa. Kigiriama kina handahu, fungahe na chenda. Kizigua kina mfungate kwa saba. Kigikuyu kina kenda kwa tisa. Katika Kiswahili chenyewe, kenda iliendelea kutumika sambamba na tisa katika karne ya 19, na bado wapo wanaosema mia kenda. Fungate ilihama kutoka hesabu kwenda arusini, ikabaki kuwa jina la siku saba za mwanzo za ndoa. Namba hiyo imehifadhiwa na watu wasiojua tena kwamba ni namba.

Lililopotea zaidi ni tandatu. Kwa umbo lake, neno hilo ni tatu iliyorudiwa, kama nane ilivyo nne iliyorudiwa. Mtu aliyesema tandatu alikuwa akisema, bila kufundishwa, kwamba 6 ni 3 na 3. Anayesema sita hasemi lolote kuhusu 3. Uziduo huu wa maana ndani ya jina la namba umebaki kwenye nane peke yake, na hata hapo mabadiliko ya sauti yameufunika.

Makumi nayo yalichukuliwa: ishirini, thelathini, arobaini hadi tisini ni mfululizo wa Kiarabu usio na pengo. Hata hivyo, kati ya kumi na ishirini Kiswahili sanifu hakikukubali. Thenashara ilisikika pwani na katika tungo, lakini kumi na mbili ndiyo iliyoshinda. Shule ilipohitaji majina ya nafasi za tarakimu, ilirudi kwenye umoja na wingi wa Kibantu: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Kwa hiyo mtoto anayesoma 43 hutamka arobaini na tatu, lakini anapoulizwa thamani ya kila tarakimu hujibu makumi manne na mamoja matatu. Mifumo miwili ya kuhesabu imo katika sentensi mbili za somo moja, na mfumo wa pili ndio unaoonyesha jinsi namba ilivyojengwa.

3.0 Mafungu ya mirathi

Eneo ambalo Waswahili walifanya hesabu ngumu kwa karne nyingi, mbali na biashara, ni mirathi. Sura ya nne ya Kurani, katika aya za 11, 12 na 176, inataja mafungu sita: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Sheria za Kishafii zilizofuatwa pwani, ambazo wanazuoni walizisoma katika vitabu kama Minhaj cha Nawawi, zilimtaka kadhi aweze kuyajumlisha mafungu hayo bila kosa, kwani kosa lingemnyima mtu shamba au nyumba. Zaka iliongeza ushuri, yaani moja ya kumi ya mavuno yaliyonyweshwa na mvua, na robo ya ushuri, ambayo ni moja ya arobaini, kwa fedha. Shina hilohilo ndilo lililotoa ushuru wa forodhani.

Istilahi za darasani zinaonyesha alama za kazi hiyo waziwazi. Neno sehemu lenyewe linatokana na sahm, ambalo katika elimu ya mirathi ni fungu la mrithi. Namba ya chini ya sehemu huitwa asili katika vitabu vya Tanzania, na ya juu huitwa kiasi. Anayelichukulia neno asili kwa maana yake ya kila siku, yaani chanzo au mwanzo, atashangaa: 5 iliyo chini ya 3/5 ni chanzo cha nini? Jibu limo katika mirathi. Wanazuoni huita asili ya masuala ile namba ndogo kuliko zote ambayo mafungu yote ya warithi yanaweza kugawanywa humo bila kubaki vipande. Kama mafungu ni nusu na thuluthi, asili ni 6. Hiyo ndiyo kazi ya asili ya shirika ambayo mwanafunzi huitafuta kabla ya kujumlisha sehemu. Uwiano huu wa jina na wa kazi ni mkubwa mno kuwa sadfa.

Ipo hali moja katika mirathi inayoeleza zaidi. Mwanamke amefariki bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu. Dada wawili wana thuluthi mbili. Asili ni 6: mume anapata 3, dada wanapata 4, na jumla ni 7. Mafungu yamezidi mali. Ufumbuzi ulioenea kwa Wasunni, unaoitwa auli, ni kuipandisha asili kutoka 6 hadi 7, ili mume apate 3/7 na dada 4/7. Kila mmoja anapunguziwa kwa uwiano uleule. Kwa lugha ya shule, 7/6 ni sehemu guni, kwa sababu kiasi chake kimezidi asili.

Neno guni nalo lina nyumba yake. Shairi guni ni shairi lililopungukiwa na urari wa vina au mizani. Mshororo wake umezidi au umepungua. Kabla ya kuingia katika hisabati, guni lilikuwa hukumu ya malenga. Mtu anayezijua kanuni za vina na mizani, ambazo Kaluta Amri Abedi aliziandikia kitabu mwaka 1954, anaelewa mara moja kwa nini sehemu ambayo juu ni nzito kuliko chini iliitwa hivyo: haina urari. Ubaya wa sitiari hii ni kwamba inaibeba lawama ya ushairi na kuipeleka mahali pasipo kosa. Shairi guni ni bovu, ilhali 7/6 ni namba njema kama nyingine. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba lazima aibadilishe kuwa namba mchanganyiko, 1 na 1/6, anafundishwa kuona aibu mahali ambapo kadhi aliona tatizo la kutatua tu.

Uhusiano wa mirathi na hisabati haukuwa wa pwani pekee. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad kwenye miaka ya 820 kitabu ambacho jina lake limetoa neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na urithi. Robert of Chester alipokitafsiri kwa Kilatini mwaka 1145, sehemu hiyo iliachwa. Ulaya ilipata aljebra bila mirathi. Pwani ya Afrika Mashariki ilipata mirathi, na neno aljebra likaja baadaye sana, kwa meli nyingine na kwa tahajia ya Kizungu.

Mfuko wa sokoni nao ulihifadhi mafungu hayo, wakati mwingine kwa namna inayopotosha. Senti hamsini za Kenya ziliitwa sumuni, yaani moja ya nane, ingawa ni nusu ya shilingi. Hesabu inaeleza kitendawili hicho. Riale ya zamani ilikuwa na thamani ya rupia mbili na kidogo. Shilingi ilipoanzishwa bara mwanzoni mwa miaka ya 1920, rupia moja ilihesabiwa kuwa shilingi mbili. Thumuni ya riale ilikuwa takriban robo ya rupia, na robo ya rupia ni nusu ya shilingi. Sarafu ilibadilika mara mbili, na jina likabaki likihesabu kwa sarafu iliyokwisha kuondoka.

4.0 Shufwa na witiri

Hapa maelezo ni mafupi, kwa kuwa njia yenyewe ni nyoofu. Namba zinazogawanyika kwa 2 ni shufwa; zisizogawanyika ni witiri. Maneno haya mawili yametajwa pamoja katika aya ya tatu ya sura ya 89 ya Kurani, na Mwislamu wa pwani aliyakuta kila usiku baada ya isha: rakaa mbili za shufwa, kisha witiri, ambayo idadi ya rakaa zake, kwa madhehebu ya Kishafii, huanzia moja na kufikia kumi na moja, daima bila kuangukia jozi. Aliyeswali hivyo alikuwa anajua sifa ya msingi ya namba hizi, kwamba witiri ikiongezwa juu ya shufwa hutoa witiri, ingawa hakuna aliyemwambia kuwa hiyo ni hisabati.

Jambo la kuangaliwa ni kilichotokea baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lilipohimiza elimu ya msingi kwa wote. Maneno haya yalifika kwa mamilioni ya watoto wa bara wasio na uhusiano wowote na swala ya usiku. Kwa mtoto wa Kikristo wa Bukoba au Sumbawanga, witiri si neno la dini hata kidogo; ni 1, 3, 5, 7. Neno limevuliwa vazi lake la ibada bila mtu yeyote kutangaza hivyo, na bila malalamiko kutoka upande wowote. Ni nadra kwa usanifishaji kufanikiwa kwa utulivu wa namna hiyo.

5.0 Tasa na zao

Istilahi inayostahili kujadiliwa kwa kina zaidi ni namba tasa. Wagiriki waliziita namba hizi za kwanza. Kilatini kilitafsiri hivyo, Kiarabu cha leo kinasema hivyohivyo, na Kiingereza kimeirithi sitiari hiyo. Wazo lao ni la mpangilio: namba hizi zinatangulia, na nyingine zinatokana nazo. Kiswahili hakikutafsiri. Kilichukua neno tasa, linalosemwa kwa mnyama au mwanamke asiyezaa, na hivyo kikabadili swali kutoka nani alitangulia kuwa nani anazaa.

Sitiari hii inaeleweka mtu anapochora mti wa vigawo. 12 inatoa 3 na 4. 4 inatoa 2 na 2. Tawi linaendelea hadi lifike kwenye namba isiyotoa kitu isipokuwa moja na yenyewe. Hapo mti unakoma. Namba iliyo mwishoni haina watoto, kwa hiyo ni tasa. Kwa mwalimu mwenye chaki mkononi, hili ni neno zuri.

Tatizo linaonekana istilahi ya pili ya ukoo huo inapowekwa kando yake. Jibu la kuzidisha huitwa zao. Zao la 3 na 4 ni 12. Neno hili limetoka kwenye kitenzi -zaa, na linasema kinyume cha mti wa vigawo: hapa 3 na 4 ndio wazazi, na 12 ndiyo mtoto. Kwa mantiki ya zao, 7 imezaa 14, 21, 28 na kuendelea bila kikomo, na haina mzazi isipokuwa yenyewe na moja. Basi si tasa hata kidogo. Ni mzazi asiyezaliwa na wengine, jambo ambalo liko karibu sana na wazo la Wagiriki la kutangulia. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ni namba tasa au ni zao la namba tasa, na kwa njia moja tu ukiacha mpangilio. Tena, kama Euclid alivyothibitisha katika kitabu cha tisa cha Elements, pendekezo la 20, wazazi hao hawana mwisho wa idadi.

Ukinzani huu haupaswi kuchukuliwa kama kosa la kiufundi la kusahihishwa kwa waraka. Unaonyesha kwamba istilahi hizi zilichaguliwa moja moja, kila moja ikitazama mfano wake wa ubaoni, na hazikupimwa pamoja kama mfumo. Tasa linatazama kugawanya, zao linatazama kuzidisha, na lugha haikuulizwa kama yanaweza kukaa chumba kimoja. Yanakaa kwa sababu wanafunzi hawalisikii tena -zaa ndani ya zao. Wanasikia zao la biashara, kama pamba na kahawa. Aidha, sitiari ya tasa ina hatari nyingine: inamwalika mwanafunzi aihesabu 1 kuwa tasa, kwa kuwa 1 haitoi kitu kabisa. Mwaliko huo haukuwapata Waswahili peke yao, kwani hata mwanzoni mwa karne ya 20 orodha za wanahisabati zilikuwapo zilizoanza na 1. Kinachoizuia ni fasili, inayotaka vigawo viwili tofauti, wala si jina.

6.0 Irabu moja

Pale ambapo waundaji wa istilahi walitegemea unyambulishaji wa Kibantu badala ya sitiari, kazi yao ni imara zaidi. Kutokana na -gawa yameundwa maneno mawili. Kigawo ni namba inayogawa: 3 ni kigawo cha 12. Kigawe ni namba inayogawika: 12 ni kigawe cha 3. Tofauti yote imebebwa na irabu ya mwisho, na irabu hizo hazikubuniwa. Tamati -o ni ya kitendeo, kama katika kizibo na kifuniko. Tamati -e ni ya kilichotendwa, kama katika kiumbe, mteule na mshinde. Msemaji wa Kiswahili anazo kanuni hizi tayari. Uhusiano wa pande mbili kati ya 3 na 12, ambao lugha nyingi hueleza kwa maneno mawili yasiyofanana, hapa umo ndani ya shina moja.

Jozi ya kipeo na kipeuo ni nzuri hata zaidi. 3 kwa kipeo cha pili ni 9. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Waarabu na Walatini waliiita operesheni hii ya pili mzizi, kwa mfano wa mmea, na Kiswahili kingeweza kufuata kwa urahisi. Badala yake kilichukua -pea, yaani kufikia ukomo wa kukua, kikaipa kauli ya kutendua. Kama -fungua inavyotengua -funga na -tegua inavyotengua -tega, ndivyo kipeuo kinavyotengua kipeo. Wazo la kinyume cha operesheni, ambalo wanafunzi hulipata kwa tabu katika aljebra, limeandikwa kwa irabu -u-.

Upande wa pili wa wema huu ni kwamba irabu moja hupotea kwa urahisi, hasa darasani penye kelele, na karatasi za mitihani zimejaa vigawe vilivyoandikwa vigawo. Vifupisho vinalidhihirisha tatizo hilo kwa namna ya kuchekesha. Kigawo kikubwa cha shirika kilifupishwa KKS. Kigawe kidogo cha shirika, kwa kanuni ileile, kingekuwa KKS pia, kwa sababu upatanisho wa ngeli umelitia ki- jina na kivumishi katika yote mawili. Ikabidi herufi ichimbwe ndani ya kivumishi, nyuma ya kiambishi: KDS. Mofolojia iliyotoa istilahi zenye mantiki ndiyo iliyovuruga vifupisho vyake, na suluhisho lilikuwa kurudi kwenye mzizi.

7.0 Mipaka miwili

Istilahi hizi zina mipaka miwili ya matumizi. Tanzania Bara mpaka ulikuwa wa ngazi: kwa miongo kadhaa mwanafunzi wa shule ya umma alitumia kigawo, asili na tasa kwa miaka saba, kisha akaingia kidato cha kwanza ambako masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Dhana hazikubadilika, lakini uhusiano uliokuwa ukionekana ndani ya maneno uliondoka. Hakuna kitu katika istilahi mpya za kipeo na kipeuo kinachomwambia kwamba moja ni kinyume cha nyingine. Lazima aambiwe, na aliyeambiwa hivyo mara nyingi hana habari kwamba alikuwa amekwisha kulijua.

Kenya mpaka ni wa somo. Huko hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, lakini somo la Kiswahili huwa na mada ya akisami, neno lililotokana na aqsam, yaani mafungu. Mfululizo wote upo: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Umehifadhiwa kwa ukamilifu kuliko Tanzania, ambako moja ya saba na moja ya tisa zimetosha na subui na tusui zimeachwa. Ila mwanafunzi wa Kenya anayeulizwa tusui ni nini huulizwa katika mtihani wa Kiswahili, hujibu kwa neno, na hapewi chochote cha kugawanya kwa tisa.